Shika Kulia: Nilivyotafuta Perimi Buyenzi

Gari likikuharibikia Bujumbura, iwe Kinama upande wa kaskazini au Kanyosha upande wa kusini, mtu wa kwanza utakayemwomba ushauri atakwambia ulipeleke Buyenzi. Barabara za mtaa huu zina namba badala ya majina, nazo zimekatana mraba kwa mraba. Huku mchomeleaji aliyevaa miwani nyeusi anaunga fremu ya kiti cha basi, kule kijana ameingia chini ya Toyota, imebaki miguu tu nje. Mlango wa gari umeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya watu, na ndani ya nyumba hiyo hiyo mama anakaanga sambusa za kuuza jioni. Ufundi, spea na Kiswahili vimekaa pamoja hapa miaka na miaka. Ukisimama kwenye kona ukasikiliza watu wanavyovutana bei ya kabureta, utadhani uko Ujiji.

Mimi ni mtu wa Ujiji, mkoani Kigoma, na wazee wetu mji huu waliujua kwa jina la Usumbura. Wajerumani walijenga kambi yao ya kijeshi hapa mwaka 1897. Wabelgiji wakauchukua mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye walipoupanga mji wakawatengea Waswahili makazi yao. Watu waliotoka Ujiji, Manyema na hata pwani, wengine kwa biashara, wengine kwa kazi ya Mzungu, ndio waliopafanya Buyenzi pawe pa Kiswahili na pa misikiti. Mama aliyenipangisha chumba alinihoji ukoo wangu kabla hajaniambia kodi ni faranga ngapi, na tulipofika kwa shangazi yake aliyeolewa Kigoma akaniambia nilete mizigo, mwanangu, ya kodi tutaongea.

Kazi iliyonileta ni ya forodha. Kampuni yetu hutoa mizigo inayotoka bandari ya Dar es Salaam, mingine ikipita mpaka wa Kabanga na Kobero kwa malori, mingine ikishuka Kigoma kwa reli na kupandishwa ziwani hadi bandari ya Bujumbura. Kazi kama hiyo haifanyiki kwa miguu. Na hata kwa pikipiki haikuwezekana tena, kwa sababu mwezi Machi 2022 serikali ilipiga marufuku baiskeli, bodaboda na bajaji kuingia katikati ya mji. Mwajiri akanipa gari la ofisi, Probox, na sharti moja: leseni ya udereva ya Burundi, wenyewe huiita perimi. Mgeni anayepita anaweza kujitetea kwa leseni ya kwao. Mimi nilikuwa na kibali cha kuishi na cha kufanya kazi, na kampuni haikutaka siku ya ajali watu wa bima waanze kuuliza huyu dereva ni mkaazi wa wapi.

Leseni yangu ya Tanzania ni kadi safi, ina picha yangu na daraja D. Karani aliyeipokea aliigeuza mbele na nyuma, akanitazama, akauliza kwa heshima kabisa:

"Dada, unaendesha mabasi?"

Hakuwa anatania. Kwetu D ni gari dogo la mtu binafsi. Magari ya abiria ni daraja C, nalo limegawanywa C1, C2 na C3 kufuatana na idadi ya watu wanaobebwa. Burundi, kama Ubelgiji na kama nchi nyingi zilizofuata Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, gari dogo ni B, lori ni C, na D ndilo basi. Kwa herufi hiyo moja kadi yangu ilikuwa inasema naweza kupewa basi la abiria nishuke nalo Rumonge, lakini haikusema popote kwamba naweza kuendesha Probox. Karani alisoma kilichoandikwa, na kwa kazi yake hakupaswa kusoma kingine. Akanieleza kwamba ningeweza kuleta barua ya ufafanuzi pamoja na tafsiri ya Kifaransa yenye muhuri, halafu faili langu lisubiri, au nijiandikishe otoekoli, yaani shule ya udereva, kama mwanafunzi mwingine yeyote na kufanya mitihani.

Nikachagua mitihani, na mpaka leo namshauri Mtanzania, Mkenya au Mganda yeyote anayehamia Bujumbura achague hivyo hivyo, hata akiwa na miaka ishirini kwenye usukani. Muhuri ungenipa kadi. Usingenifundisha kushika kulia.

Hili la kushika kulia na kushoto sisi wa Kigoma tunalichukulia kama jambo la maumbile, kana kwamba Mungu ndiye aliyeiweka barabara ya Burundi upande ule. Lakini Tanganyika, Ruanda na Urundi zilikuwa koloni moja la Wajerumani. Vita vilipokwisha, Milner kwa upande wa Uingereza na Orts kwa upande wa Ubelgiji walikaa mwaka 1919 wakakubaliana namna ya kugawana: Waingereza wakabaki na Tanganyika, Wabelgiji na Ruanda-Urundi. Mwingereza alishika kushoto kwao, akatushikisha kushoto. Mbelgiji alishika kulia. Kwa hiyo mtu anayetoka Manyovu kwetu kuingia Mugina ya Burundi, watu wa lugha zinazosikilizana huku na huku, ndugu wa damu huku na huku, anavuka makubaliano yale ya mabwana wawili, na anayavuka kwa kuhama upande wa barabara.

Na upande hubadilishwa watu wakitaka. Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967, nchi nzima kwa mpigo. Samoa ikahama kutoka kulia kwenda kushoto mwezi Septemba 2009, sababu kubwa ikiwa ni kupata magari ya bei nafuu kutoka nchi zinazoshika kushoto. Burundi imebaki kulia, lakini magari yanayoingia mengi ni yale yale tunayonunua sisi, mitumba ya Japani, usukani kulia. Ndiyo maana dereva wa teksi Bujumbura, mara nyingi, amekaa upande wa mtaroni. Akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka nusu ya gari lake iwe imeshatoka. Anayeona ni abiria wa mbele, aliyekaa kushoto. Nimepanda magari ambamo dereva anamwuliza abiria asiyemjua, "Njia ipo?" na abiria anajibu "Subiri," kisha "Haya, nenda," na roho za watu wote waliomo zimekaa kwenye jibu la mtu aliyelipa nauli tu.

Mwalimu wangu wa otoekoli alikuwa mzee wa Buyenzi aliyeendesha malori mpaka magoti yakamkataza. Nilimwita Mzee, naye akaniita Binti Ujiji. Alikuwa na Corolla kuukuu ya usukani wa kushoto, yenye pedali za ziada za breki na klachi upande wake. Somo la kwanza hakuiwasha. Alinichukua kwa miguu hadi njia kubwa karibu na soko la Ruvumera, soko ambalo limefurika tangu soko kuu la mji lilipoungua Januari 2013 na wachuuzi wengi wakahamia huko, akaniambia: vuka.

Mtoto wa Tanzania hufundishwa kutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, ndipo avuke. Kwenye barabara ya Bujumbura gari la kwanza kukugonga linatoka kushoto. Mzee alisimama nyuma yangu akiangalia kisogo changu.

"Miguu yako inaijua klachi," alisema. "Mikono inaujua usukani. Shingo yako ndiyo bado iko Tanzania."

Tukavuka, tukarudi, tukavuka tena, hadi muuza maji akatuuliza tumepoteza nini. Mzee hakumjibu. Alitaka shingo ianze yenyewe kugeuka kushoto bila kuagizwa, na alisema hata kwenye malori aliwaanza hivyo vijana wa kutoka Tanzania, kwa sababu mtu anaweza kukumbuka upande wa kuendesha kwa saa nzima, akaja kusahau sekunde moja tu pale anapotoka kituo cha mafuta, au anapokunja kona barabara ikiwa tupu. Barabara tupu ndiyo anayoihofia zaidi. Penye magari mengi unafuata wenzako, penye utupu mwili unarudi kwao.

Jambo la pili lilikuwa haki ya kupita. Kwetu dereva hujiuliza nani yuko kwenye barabara kubwa. Huku, penye makutano yasiyo na alama wala taa, anayetokea kulia kwako ndiye anayetangulia, hata kama anatoka kichochoroni na wewe unatoka njia pana. Buyenzi, yenye barabara zinazokatana kila hatua chache, ndipo mahali pa kuijifunza sheria hiyo, kwa sababu kila baada ya sekunde kadhaa unalazimika kuikumbuka. Mzee aliomba plagi za zamani kwa fundi mmoja, akazipanga juu ya boneti ya Corolla. Plagi moja ni wewe, moja inatoka kulia, moja inatoka mbele inataka kukata kushoto. "Nani anatangulia?" Nikijibu, anasogeza plagi. Nikijibu tena, anaongeza ya nne, akiniambia hii ni ya polisi. Mafundi waliacha spana zao wakaja kubishana nasi, na wawili wakatofautiana mpaka wakaenda kuchungulia kitabu. Nilijifunza zaidi juu ya boneti ile kuliko kwenye kurasa.

Kisha mafuta yakaadimika. Uhaba ulioanza kuikaba Burundi mwaka 2021 na kuzidi katika miaka iliyofuata umetokana kwa kiasi kikubwa na nchi kukosa fedha za kigeni za kununulia mafuta nje, na wanaolipa gharama yake ni watu wanaolala ndani ya magari kwenye foleni. Otoekoli nazo zina magari, magari yanataka mafuta. Mzee alikuwa na wanafunzi, hakuwa na petroli. Akatuita foleni.

Tulikaa kwenye ile Corolla, wanafunzi kwa zamu, injini imezimwa. Gari la mbele likisogea, wanne wanashuka kusukuma na mmoja anabaki kwenye usukani. Siku hizo ndipo nilipoyajua magari ya usukani wa kushoto kwa undani: mkanda unatoka bega jingine, gia inaingizwa kwa mkono wa kulia, na taa za ishara na waipa zimebadilishana nafasi. Injini ikiwa imezimwa unapata nafasi ya kuvigusa vitu hivi polepole, bila woga, mpaka mkono uende wenyewe. Kila tulipotulia Mzee alifungua kitabu cha sheria za barabarani kilichokuwa cha Kifaransa, akasoma sentensi, akaieleza kwa Kiswahili, akairudia kwa Kirundi kwa ajili ya vijana wawili waliotoka milimani. Kina mama wakapita na chai ya tangawizi na mandazi. Madereva wa magari mengine wakawa wanatoka kuja kusikiliza, maana miongoni mwao walikuwemo walioendesha miaka mingi bila kuwahi kusomewa kitabu kile.

Nililia moyoni kwa ajili ya wale vijana wawili. Mmoja alikuwa ameuza mbuzi kulipia mafunzo, akitaka perimi ili apate kazi ya udereva, na matangazo ya kazi hiyo mjini hudai daraja B. Kila siku ya foleni ilikuwa siku ya kulala kwa jamaa na kula kwa mkopo. Mimi nilikuwa na mshahara.

Petroli ilipopatikana tulipanda mlimani. Barabara ya taifa namba 1 inatoka Bujumbura, iliyo kando ya ziwa kwenye kimo cha mita 770 na kitu, na kupanda bila kupumzika hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Kona juu ya kona, bonde upande mmoja, ukuta wa udongo upande mwingine. Ndiyo barabara ya waendesha baiskeli wanaoshuka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa, breki zao zikiwa ni soli za viatu, na wanaporudi juu hushika nyuma ya lori, wawili, watatu, wakavutwa hadi huko wanakokwenda. Mzee alinisimamisha katikati ya mwinuko, akaniambia nizime gari, niliwashe, niondoke bila kurudi nyuma hata kiasi cha kiganja.

"Usitazame mbele kwanza," alisema. "Mbele hapakimbii. Tazama nani amekushika nyuma."

Nikatazama kioo. Hakukuwa na mtu. Akasema safari ijayo atakuwepo.

Kwa mtihani wa maandishi nilijiandaa na binti wa mwenye nyumba. Yeye anasoma Kiswahili shuleni kama somo, na insha za Kiswahili sanifu zilikuwa zinamtesa, kwa sababu Kiswahili cha Buyenzi kina njia zake: kimechanganya cha Kongo, Kirundi na Kifaransa, na ngeli anazozijua mwalimu wa shule si zile zinazotumika kwenye meza ya samaki. Tukaafikiana. Baada ya sala ya isha mimi nasahihisha insha yake, yeye ananifundisha Kifaransa cha barabarani, neno kwa neno: kivuko cha reli (ambayo Burundi haina, lakini alama yake imo kitabuni), mteremko mkali, kukatazwa kupita, mwendo wa chini. Mama yake naye, akichambua ndagala pembeni, akaniongezea maneno mawili ya Kirundi aliyosema yatanisaidia kuliko Kifaransa chote, iburyo na ibubamfu, kulia na kushoto, kwa maana mwenye kunipima anaweza kuyatumia wakati gari linakwenda na sitakuwa na muda wa kufikiri.

Alikuwa sahihi. Siku ya mtihani wa gari nilirudisha nyuma kati ya vigingi, nikaegesha, nikapanda kimlima nikasimama nikaondoka. Tulipoingia mjini, ofisa aliyekaa kushoto... naam, kulia kwangu, kwa kuwa sasa mimi ndiye niliyekaa kushoto, alianza kwa Kifaransa, akahamia Kirundi: iburyo. Nikawasha ishara, nikatazama kioo, nikakata. Ibubamfu. Hapo pana kazi zaidi, kwa sababu unakatisha mbele ya wanaokuja, na shingo lazima ifanye mambo yake yote kwa mpango. Kwenye kipilefti tukazunguka kinyume cha nilivyozunguka maisha yangu yote. Tulipofika kwenye makutano ya ndani ya mtaa yasiyo na alama, akatokea mwenye pikipiki kutoka kulia, njia nyembamba kuliko yangu. Nikasimama. Ofisa akaandika kitu. Akaniuliza kwa Kiswahili natoka wapi, nikasema Ujiji, akasema bibi yake alizaliwa huko, kisha akanyamaza mpaka mwisho.

Nilifaulu. Kadi yenyewe ilichukua muda, nikiwa natembea na karatasi iliyochakaa kwa kukunjwa, na hilo halina hadithi. Nchi gani haina karatasi ya kusubiria. Leseni yangu ya Tanzania ninayo pia, nazo zimekaa kwenye pochi moja, moja ikisema D, nyingine ikisema B, mtu mmoja, gari lile lile.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba Mzee hakunihesabu kuwa nimemaliza. Alijua ninarudi kwenye Probox ya usukani wa kulia, nami mtihani nimefanyia gari la usukani wa kushoto. Akanipeleka kwa fundi wa taa. Sikuwahi kulijua jambo hili na madereva wengi hawalijui: taa za gari lililotengenezwa kwa nchi inayoshika kushoto hazimuliki sawasawa pande zote. Mwanga umeinuliwa kidogo kuelekea ukingo wa kushoto, ili dereva aone mtembea kwa miguu na mtaro. Ukilileta gari hilo nchi inayoshika kulia bila kuligusa, ule mwanga ulioinuka unaelekea katikati ya barabara, unampiga usoni anayekuja. Kila usiku, kila gari. Fundi alisimamisha Probox mbele ya ukuta wa nyumba giza lilipoanza kuingia, akatuonyesha mstari wa mwanga ukutani, umelala upande wa kulia na kupanda upande wa kushoto. Akakata kipande cha plasta nyeusi, akakibandika pembeni ya kioo cha taa kwa subira kubwa, akisogeza kidogo, akiangalia ukuta, akisogeza tena, mpaka ile sehemu iliyopanda ikazimika. Akashusha taa zote mbili kwa bisibisi. Bei yake ilikuwa ya soda. Nilimwuliza ni magari mangapi huletwa kwake kwa kazi hiyo. Akasema watu humletea taa zisizowaka. Zinazowaka hakuna anayelalamika, isipokuwa wale wanaokuja mbele, na hao hawajui gari lilikuwa la nani.

Nimeandika haya kwa kuwa nakaa katikati ya karatasi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kila siku, na najua kinachowezekana. Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na ibara yake ya 90 inazitaka nchi wanachama zioanishe sheria za usalama barabarani. Burundi iliingia mwaka 2007, Kongo ikaja mwaka 2022, na sasa Jumuiya ina nchi zinazoshika kushoto na zinazoshika kulia. Yapo yaliyofanyika. Tuna sheria moja ya uzito wa malori, lori lisizidi tani 56, na mzani wa nchi moja unaeleweka nchi nyingine. Kadi ya njano ya bima, ambayo ni ya COMESA, inatambulika hata Tanzania iliyojitoa kwenye COMESA mwaka 2000, na mimi huikagua kila wiki kazini. Tumekubaliana juu ya ekseli za lori. Tumekubaliana juu ya bima yake. Mtu aliyekaa ndani ya lori hilo bado ana kadi yenye herufi inayosomeka kitu kimoja Ngara na kitu kingine Muyinga. Kuandika herufi zile zile kwenye leseni za nchi zote hakuhitaji lami wala mkopo wa benki. Kunahitaji mawaziri wa uchukuzi wakae meza moja siku moja, na baada ya herufi wazungumze habari ya taa, kwa sababu plasta ya fundi wa Buyenzi ingeweza kuwa kanuni ya forodha pale Kobero: gari lisitoke mpaka taa zake zirekebishwe.

Madereva wenyewe wamejitafutia njia bila kumsubiri mtu. Mmoja wa wanaotuletea mizigo, mwenyeji wa Buyenzi, anavuka Kabanga tangu mimi nikiwa shule. Nilimwuliza anafanyaje pale upande unapobadilika, akiwa amechoka, mara nyingine usiku.

"Sivuki nikiwa peke yangu, dada," alisema. "Nikishapiga muhuri naegesha. Nakunywa chai. Namsubiri mwenzangu yeyote atokee, awe wa lori, awe wa basi, ilimradi ni mwenyeji wa upande ule. Akipita namwacha atangulie, mimi nyuma yake. Baada ya kilomita kadhaa mwili umekubali, namwachia aende zake."

Nikamwuliza kama kuna siku hatokei mtu. Akasema siku hizo anakunywa chai mara mbili.

Idi iliyofuata niliomba ruhusa ya kwenda nyumbani na Probox. Nilitoka Buyenzi alfajiri, mama mwenye nyumba akiwa amenifungashia mukeke wa kukaanga na barua ya mdomo kwa jamaa zake wa Kigoma. Nikapita Mugere, penye jiwe la kumbukumbu la Livingstone na Stanley waliofika hapo Novemba 1871 wakitoka kwetu Ujiji kwa mtumbwi, kisha Rumonge na michikichi yake, Nyanza-Lac, halafu mlima wa kwenda Mabanda na Mugina. Kwenye vizuizi vya njiani polisi walisoma perimi, wakasoma karte roze, kadi ya usajili wa gari, wakanirudishia. Upande wa Manyovu waliangalia kadi ya njano na leseni yangu ya Tanzania. Taa nilikuwa nimezibandua plasta kwa mikono yangu pale mpakani, kwa sababu kuanzia hapo mwanga ule ulikuwa unaelekea panapostahili.

Nikaegesha, nikaagiza chai. Haikupita muda mrefu ikashuka Fuso iliyobeba magunia ya mahindi, dereva mkono nje, anakwenda taratibu kwa sababu ya uzito. Nikalipa, nikaingia nyuma yake, kushoto kwake kukiwa kushoto kwangu. Nilimfuata kona kwa kona hadi Mwandiga, yeye akashika njia ya Kidahwe, mimi nikaelekea mjini.